Rangi Iliyokubali Jua

Ipo asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naona haya kwanza, kisha natabasamu. Nilikuwa fundi wa kutia rangi vitambaa vya pamba hapa Bariadi. Kabula, kiongozi wa kwaya ya akina mama wa Nyashimo, ambaye sote tulimwita Mayu, yaani mama, aliniagiza vitambaa ishirini vya sherehe ya kanisa lao. Nilivitia manjano, haya haya ya jikoni, vikang'aa hata nikajiona sina mwenzangu.

Haikupita miezi miwili akavirudisha. Vilikuwa vimepauka kwa mazoezi tu, na sherehe ilikuwa imebakiza wiki sita. Nikamwambia wanakwaya wake wamevifua kwa sabuni kali. Hakugomba. Alishusha kitambaa nilichokitundika dirishani kuvutia wateja, akakikunjua.

“Na hiki kimefuliwa na nani?”

Upande uliotazama jua ulikuwa karibu mweupe. Ndani ya mkunjo bado njano tupu.

“Itazame kazi yako, mwanangu, kabla hujatutazama sisi.”

Niliumia, lakini nilimwendea jirani yangu, mwalimu wa kemia. Akanieleza kwamba mwanga ukiipiga rangi ya mmea, rangi huipa nguvu ile oksijeni ya hewani; oksijeni hugeuka kali, ikairudia rangi yenyewe na kuivunja. Manjano hayawezi kabisa kuhimili ukali huo. Akanishauri nijaribu magome ya miti yenye ukakasi.

Nikachemsha magome ya mgunga, yatoayo rangi ya hudhurungi, nikatia shabu ili rangi ishike, nikaanika vipande juani, nusu ya kila kipande nimeifunika kwa boksi. Baada ya wiki tatu nilifunua. Nusu zile mbili zilifanana! Nikapiga kigelegele peke yangu uani.

Vitambaa vyote ishirini nikavitia rangi upya. Siku ya sherehe akina mama waliandamana juani tangu asubuhi, wamependeza kama udongo uliokunywa mvua. Mayu Kabula alinishika mkono, akaniweka mstari wa mbele, nami nikaimba kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Hata mwaka jana nimemwona mmoja wao sokoni amejifunga kitambaa kile, rangi imetulia.

Basi, mwanangu, kazi yako ijaribu wewe kwanza, tena mahali pagumu, kabla hujamkabidhi mtu. Ikiharibika, usitafute wa kumlaumu; uliza, jifunze, irudie. Mungu akupe jicho la kuona kosa lako mapema, na akupe siku ya kushangilia ulichokirekebisha.