Mtamba Mwekundu Kwenye Kioo cha Kompyuta

Mkasa mzima ulinigharimu ng'ombe mmoja, mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni, pamoja na heshima niliyoijenga miaka mingi mnadani, na hiyo heshima siwezi kuwatajia bei yake kwa sababu sijawahi kupata mteja wa kuinunua. Naona aibu kusimulia, ila nusu ya watu wa hapa Somanda wanayo habari hii tayari, tena wameitia chumvi, bora muipate kwangu mwenyewe.

Mimi ni dalali wa ng'ombe. Mwaka jana nilianguka na bodaboda nikitoka Maswa, nikapiga kichwa chini, na kichwa kikapona kwa nje tu. Pikipiki ikinguruma barabarani naruka, usingizi sipati, na nikisinzia napiga kelele, mpaka mke wangu, Mama Kulwa, akawa analala ameniwekea mkono kifuani kama mtu anayezuia mlango usifunguke. Daktari akanipima, akanipa dawa, akasema pia kuna dada mmoja mtaalamu amefungua chumba hapa mjini, anaufundisha ubongo kutulia kwa kompyuta; wengine inawasaidia, wengine si sana, nijaribu, ila dawa nisiache.

Nikaenda. Dada akanitajia bei ya vikao kumi. Sasa mimi tangu nizaliwe sijawahi kulipa bei ya kwanza, nikavutana naye weee, hakushuka hata shilingi. Nikaona siwezi kutoka mikono mitupu, nikamwambia, "Basi nalipa ya mmoja, tunaingia wawili. Mke wangu akae pembeni aone."

Akacheka. "Sawa baba, kukaa ni bure."

Nikatoka kifua mbele kama mtu aliyenunua dume kwa bei ya mbuzi. (Kosa lenyewe ndilo hilo. Mengine yote yamezaliwa hapo.)

Siku ya kikao cha kwanza tukawakuta watu saba kwenye benchi, nilihesabu mara mbili, saba, wakatuamkia "Mwangaluka" na tukaitikia vizuri tu. Joto lilikuwa kali, mlango wa chumba ukaachwa wazi. Ndani namwona mzee mmoja mfugaji ninayemfahamu, kabandikwa waya kichwani, waya zinaingia kwenye kompyuta, na kwenye kioo cha kompyuta, jamani, ng'ombe! Kundi zima linakula majani. Nikajumlisha haraka: waya zinatoka kichwani, ng'ombe wanatokea kiooni, mzee ni mfugaji. Kumbe chombo hiki kinachota mawazo ya mtu na kuyaanika hadharani!

Na mimi nilikuwa na la kuficha. Kwetu ni kawaida kuweka ng'ombe kwa ndugu, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize wote, lakini mke anatakiwa ajue. Mtamba wangu mwekundu alikuwa Migato kwa binamu yangu Masanja, mwaka wa pili huo, na Mama Kulwa hakujua kwato wala mkia. Tena yeye ndiye aliyekuwa akiniomba ng'ombe wa maziwa kila msimu wa pamba, nami namjibu kwa huzuni kwamba hali ni ngumu.

Nikaitwa.

"Mama Kulwa, tumbo limenikamata, turudi nyumbani."

"Tumbo halifungwi waya, Baba Kulwa. Ingia."

Dada akanibandika, akaeleza mambo ambayo sikuyasikia hata moja, akabonyeza. Ng'ombe wakatokea, kisha picha ikaanza kuingia giza.

"Inafifia, baba," akasema kwa upole. "Akili imekaza. Kuna kitu umekishikilia. Kiachie."

Kiachie! Mbele ya mke! Giza likazidi, na ndani ya giza hilo nikaona, naapa, mgongo mwekundu unasogea kutoka upande wa kulia.

"Ni wangu!" nikapiga kelele. "Mama Kulwa, huyo mwekundu ni wangu, yuko Migato kwa Masanja, nilitaka kukwambia!"

Halafu picha ikang'aa, majani yakawa kijani kibichi, na kompyuta ikalia ting! kunipongeza. Kugeuka, benchi zima limehamia mlangoni.

"Baba," dada akasema huku akiuma midomo, "hiyo ni video. Kila mtu anaangalia hiyo hiyo. Ubongo ukitulia inang'aa, ukikaza inafifia. Mashine haijui ng'ombe wa mtu."

"Mfungeni tena waya huyo!" bibi mmoja akadakia mlangoni. "Bado ana wengine!"

Walicheka wote isipokuwa Mama Kulwa. Yeye aliuliza tu, "Ana mimba?"

"Miezi minane."

"Jumamosi awe nyumbani."

Akaletwa, taratibu, kwa mguu. Mke wangu akampa jina la Kikao, na mwezi uliofuata Kikao akazaa. Kule mnadani siku hizi nikisifia ng'ombe mtu ananiuliza kama ni wa hapa au wa kwenye video. Lakini wiki ile nililala, na wiki iliyofuata nikalala tena. Sasa napanda bodaboda (nimemkumbatia dereva kama mchumba, lakini napanda). Kati ya dawa, mashine na kusema ukweli, sijui kipi kimenitibu. Nimejaribu kuvigawia sifa, hesabu inakataa. Namshukuru daktari, namshukuru dada, na zaidi ya wote Mama Kulwa, ambaye angeweza kunisusa, badala yake amekalia kile kiti cha bure kila kikao, na asubuhi ananiwekea chai ya maziwa ya Kikao. Kiti cha bure sitaomba tena maishani.

Tatizo ni kikao cha nane. Picha iligoma kung'aa. Dada akauliza, "Baba, umeshikilia kitu tena?" Mama Kulwa akanitazama.

Jamani, kwa Masanja walikuwa wawili. Nimehesabu mara mbili. Kikao cha tisa ni Jumanne, na usingizi umeanza kukimbia tena. Nishaurini: nimwambie nyumbani tukinywa chai, au nisubiri giza liingie tena kiooni?