Shaba Kwenye Kiungo cha Herini

Jumamosi iliyopita nilikwenda Temeke kumwona jirani yetu wa zamani, nikapita mbele ya lililokuwa duka la babu. Sasa wanaziba pancha za baiskeli pale. Nilijikuta nikitafuta beseni mlangoni, ingawa nilijua halipo.

Ungeliona beseni lile, rafiki yangu, ungecheka. Babu alikuwa sonara. Baba yake alikuja na ufundi huo kutoka Kachi, Bara Hindi, na wanawake wa Temeke walimletea rupia za zamani za fedha awafulie bangili. Watu hunawa miguu wakiingia ndani. Sisi tulinawa tukitoka, na maji hayakumwagwa. Taka za sakafuni nazo ziliwekwa kwenye debe, zikaja kuchomwa na kuoshwa, maana chembe za dhahabu hunata kwenye nyayo na ufagioni. Nilimuuliza bibi kwa nini paka hanawi. Bibi, aliyekuwa akikaanga bizari, alisema msichana mwenye maswali mengi hapati mchumba. Nikamuuliza amewajuaje wote waliokosa.

Siku moja jirani yetu, muuza vitumbua, alikuja kuchukua herini zake. Zilifuliwa kwa dhahabu aliyoachiwa na marehemu mama yake, na hakuwa na urithi mwingine. Babu alikuwa akimalizia kuunga ndoano. Mimi nilichuchumaa kando ya jiko la mkaa, nikamwona akichukua kipande chekundu.

"Babu, mbona unatia shaba?"

Ningeuliza kwa Kikachi, lugha ya nyumbani, mambo yangeishia pale. Niliuliza kwa Kiswahili, lugha niliyochezea na watoto wa jirani.

Jirani akaacha kujipepea. "Shaba? Kwenye dhahabu ya mama yangu?"

Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri zamu wakaanza kufunga tena vifurushi vyao. "Twende zetu, shoga," mmoja akasema. "Mhindi keshaumbuliwa na mjukuu wake."

Bibi alitokeza kwenye pazia, mkono mdomoni. Mtaa wa pili kulikuwa na sonara mwingine. Wale wawili wangetoka, kabla ya magharibi Temeke nzima ingehamia kwake.

Babu hakunigombeza. Alisubiri kiungo kipoe, kisha akanipa jiwe lake jeusi la kupimia dhahabu na chupa ya tindikali. "Umeuliza wewe, pima wewe."

Nikataka kusugua upande uliong'arishwa. Akanishika mkono. "Hapo hapana. Sugua nilipounganisha." Akamgeukia jirani. "Dhahabu haishikani yenyewe, mama. Natia shaba kidogo, hapa tu. Tindikali itakula shaba, mstari jiweni utafifia. Ukifutika wote, basi si dhahabu, chukua herini zozote za kabatini."

Nikasugua, ukabaki mstari wa dhahabu jiweni, sote tukaliinamia. Tone la tindikali likatambaa juu ya mstari. Mstari ukafifia, lakini ukabaki.

Jirani akavaa herini zake palepale. "Kumbe miaka yote mnatia shaba."

"Ndiyo," babu akasema. "Hakuna aliyeuliza."

Wale wawili wakakaa tena, wakafungua vifurushi.

Leo nina shahada ya kemia kutoka Bombay, na kazi yangu ni kupima samli na maziwa yanayouzwa mjini kama yametiwa kitu kingine. Wenzangu huchota juu ya debe. Mimi huchota chini kabisa, na wenzangu wanadhani nilifundishwa chuoni. Lakini jibu la babu halijaniacha. Anayesema kweli pale tu anapoulizwa, ni mkweli? Kuna siku najibu ndiyo. Siku nyingine nakumbuka uso wa jirani alipoacha kujipepea.

Jumamosi ile nilimkuta jirani uani kwake, nikamwamkia shikamoo, akanipa kitumbua cha moto. Herini zilikuwa masikioni.

"Unatazama kiungo, wewe," akasema. "Hakijaachia."

"Ulikuwa unamwamini babu?"

"Tangu siku ile, ndiyo. Kabla ya hapo nilikuwa nampelekea tu."

Babu alifariki nikiwa masomoni. Vifaa vyake viliuzwa, debe la taka likaoshwa mara ya mwisho, na nyumbani kwetu sasa kila mtu anatoka na nyayo zake kama zilivyo. Nilimuuliza mengi kuhusu dhahabu, shaba na tindikali. Kama aliipenda kazi ile, au aliachiwa tu pamoja na beseni, sikumuuliza.