Muichi ya mama ilinionesha rythme

Bandugu, mama anatoka kunigombeza sasa hivi, na muichi ya kutwanga mu mikono!

Jana ku répétition, mazoezi ya bendi yetu, nilifukuza Jojo mbele ya bantu. Jojo njo anapigaka chupa na kijiko mu wimbo yetu mupya. Iko wimbo ya polepole: gita yangu, sauti ya Mireille, na ile chupa tu.

Nilimwambia: « Jojo, uko nyuma ya rythme, unachelewa kupiga. Enda kwenu. »

Akaenda.

Leo asubui niko mu lupango, inje ya nyumba yetu, nasikiliza wimbo mu telefone, natafuta makosa ya Jojo moja moja. Nahesabu na vidole, kabisa kama profeseri.

Pembeni, mama na dada banatwanga sombe, majani ya muhogo, mu kinu moja. Mama akasikia wimbo.

Hakuacha kutwanga. Akaingia mu wimbo!

Muichi yake ikaanguka sawasawa na mupigo ya chupa ya Jojo, ya dada ikaanguka katikati ya mipigo. Ko... ko-ko. Ko... ko-ko. Kumbe wimbo inatembea! Refrain, kile kiitikio, ikafunguka, mwili yote ikanisisimuka.

Mama akasema: « Ule wa chupa anajua kutwanga na wenzake. Ule wa gita njo anakimbia mbele ya wenzake. »

Na anajua muzuri gita iko ya nani!

Sasa niko ku mulango ya Jojo. Nimegonga mara tatu, hafungue. Lakini nasikia ndani chupa: ko... ko-ko.

Muniambie mbio: samahani, niiombe na kinywa ao na gita?

Kama ni na gita, leo sikimbie.