Kadi Moja, Mikono Minne

Kwenye shamba la ngano la serikali baba yangu hakuwahi kuajiriwa. Aliyeajiriwa ni baba mdogo. Lakini kombaini ilipotafuna mkono, iliutafuna wa baba. Balaa letu lilianzia hapo, na mimi na mdomo wangu tumo.

Sisi ni watu wa ng'ombe, na ng'ombe hawajui zamu za shamba. Kwa hiyo baba na mdogo wake waligawana kadi moja ya kazi. Wiki hii baba mdogo yuko shambani, baba anachunga. Wiki ijayo wanabadilishana. Ni warefu sawa, wembamba sawa, wana chale zilezile usoni. Mnyapara alijua. Kila Jumamosi aliletewa kibuyu cha maziwa mgando, na akishafuta midomo, macho yake hayakuona tofauti. Nyumbani hakuna aliyeuita mpango huu udanganyifu. Ng'ombe ni wa boma zima, basi na kazi ikawa ya boma zima.

Wakati wa mavuno mabua yakakwama kwenye kombaini. Baba akaingiza mkono kuyavuta mashine ikiwa inazunguka, kama walivyofanya wote, maana ukiizima mnyapara anakutukana mpaka jua linazama. Mkono wa kulia ukabaki humo hadi kiwiko.

Nilikuwa darasa la saba, shule ya Balangdalalu. Nikaitwa hospitali kwa sababu mimi ndiye mwenye Kiswahili cha ofisini. Nikamkuta mama amesimama mbele ya nesi, mdomo kaufumba.

"Mgonjwa anaitwa nani?" nesi aliuliza, na si kwa mara ya kwanza.

Kwa mila yetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe, na jina la baba linaishia na la babu.

"Binti, mama yako ni bubu?"

"Shikamoo. Si bubu, ana adabu. Asiye na adabu ni mimi."

Nikataja jina la baba, na la babu nikalibandika nyuma yake, kwa sauti ya mtu anayeitika mahudhurio. Nesi akaandika kwenye fomu ya ajali. Mama akanitazama kwa shukrani. Habari ya kadi nilikuwa naijua vizuri kabisa. Haikunijia kichwani. Nilikuwa na raha ya kuwa mjuzi.

Kidonda kilipofunga tukaenda ofisi ya shamba kudai fidia, baba, baba mdogo na mimi. Karani wa utumishi alikuwa mtu wa mbali, tumbo lake limefika mezani kabla yake. Akaweka fomu ya hospitali kando ya kadi, akasoma moja, akasoma nyingine.

"Fidia ni ya mwajiriwa aliyeumia kazini," alisema. "Huyu mzee ameumia, lakini si mwajiriwa. Huyu mwingine ni mwajiriwa, lakini ana mikono yote."

"Shikamoo mzee," nikasema. "Tukiwaunganisha si tunapata mtu mmoja kamili?"

Alicheka mpaka akatoa leso. Hapo nikaanza kuogopa kweli. Mkali unaweza kumbembeleza. Huyu alikuwa ametupenda na bado alikuwa anafunga faili.

Mnyapara akaitwa. Akamtazama baba toka kichwani hadi kwenye sandali za matairi. "Mimi mtu huyu simjui."

"Maziwa je, unayajua?" nikamuuliza. Baba mdogo akanifinya.

"Fomu ingekuwa na jina la kwenye kadi," karani alisema taratibu, "mimi ningepeleka mbele leo hii, nisiulize kitu. Nani alitaja jina hili?"

Baba hakunitazama.

"Nilitaja mwenyewe."

"Mzee, hapa wameandika ulikuwa hujitambui."

"Jina langu nalijua hata nikiwa hivyo."

Karani hakucheka tena.

Baada ya majuma kadhaa barua ikaja. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, kibuyu kakibana kwa magoti, anajifunza kukifunga kwa mkono wa kushoto. Nikamsomea huku nikitafsiri. Baba mdogo ameachishwa kazi kwa kumpa mtu mwingine kadi. Kadi irudishwe ofisini.

"Na mimi wamesemaje?"

"Hawajakutaja, baba."

"Hata jina?"

"Hata jina. Wameandika 'mtu mwingine'."

Kifuniko kikamponyoka, kikabiringika hadi miguuni kwangu. Nikakiokota. Hakunyoosha mkono kukipokea.

"Soma tena," alisema. "Pengine umeruka."

Nikasoma tena, polepole, kidole chini ya kila neno, mpaka kwenye muhuri. Sikuwa nimeruka.