Nilijaza L Sita, Mama Asteria Akaniamini

Admin, jina langu lifiche, maana hapa Ifakara tunajuana mpaka kanga za kila mtu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, mjane, nina wajukuu watatu. Mtakaotaka kunitukana nitukaneni, lakini mkimaliza mnijibu.

Miaka ya tisini nilikuwa binti niliyemaliza kidato cha nne, sina mbele wala nyuma. Nikapata kibarua cha utafiti wa afya ya watoto kijijini Mofu. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa nyumbani kwa mtu tangu asubuhi hadi saa nane mchana, na kila baada ya dakika tano kuandika mama anafanya nini na mtoto anafanya nini. Fomu ilikuwa na herufi zake: K anakula, C anacheza, A analia, L amelala. Usishauri, usisaidie, usikunje hata uso, maana mama akijua unachokipenda atakufanyia hicho, na utafiti umeharibika. Hatari ikitokea tu ndipo tuliruhusiwa kuweka kalamu chini. Wiki moja kabla nilikuwa nimemwambia mama mmoja afunike maji yake, msimamizi akanigombeza mbele ya wenzangu, akasema nikirudia nifungashe virago. Nikashika adabu kweli kweli.

Basi nikapangiwa kwa mama Asteria, rika langu, Asteria mwenyewe ana miaka miwili. Mcheshi huyo mama! Siku ya kwanza aliniuliza kama kweli nalipwa kwa kumwangalia akitwanga, akacheka mpaka akaachia mchi. Siku ya tatu mtoto akaamka na homa. Mama akamlaza mkekani karibu na miguu yangu, akaendelea kutwanga mpunga, na kila akishusha mchi ananitazama mimi usoni. Mimi naangalia fomu.

Saa nne hivi mtoto aliacha kulia. Macho nusu wazi, shingo imelegea, kidole cha mguu kinachezacheza chenyewe. Niliona. Nikatafuta herufi ya hali ile, haikuwepo, nikaandika L. Dakika tano nyingine, L. Nilijaza L sita, Mungu anisamehe, tena kwa mwandiko mzuri.

Mama akaja, akainama, akaniuliza, "Dada, wewe ni wa hospitali. Huyu amelala tu, au nimkimbize?"

Nilimtazama kwa uso ule tuliofundishwa, mkavu. Akashusha pumzi, akatabasamu, akarudi kwenye kinu. Alipokuja kushtuka mwenyewe, mtoto ameshakakamaa kwa degedege. Jirani akawapakia kwenye baiskeli, njia matope matupu, na Asteria hakufika zahanati. Jioni nikakabidhi fomu, msimamizi akanisifu kwamba sikuacha nafasi hata moja.

Nikaolewa, nikahamia mjini, nikazaa. Hadi leo nikimkuta mjukuu amelala mchana namtikisa mpaka aamke alie. Mkwe wangu anadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Sasa mwaka jana mama Asteria kahamia mtaani kwetu, tuko jumuiya moja ya kanisani. Alinitambua yeye kwanza. Nilidhani atanirarua, kumbe akanikumbatia, akasema, "Mwenzangu, mume wangu alinisema miaka yote kwamba nilimzembea mtoto. Mimi namjibu, yule dada alikuwepo, angeona kitu angesema. Hilo tu ndilo lililoniweka hai."

Tangu siku hiyo ananiletea ndizi, ananiletea majani ya maboga, na mimi napokea. Akishanipa mgongo silali wala sili vizuri.

Ijumaa hii sala ya jumuiya ni kwangu. Ameomba tumwombee Asteria, na kwamba mimi niseme maneno machache mbele ya watu, kwa kuwa ndiye niliyekuwepo. Nikisema kweli nitapumua mimi, lakini nitakuwa nimemnyang'anya kile kinachomweka hai. Nikikaa kimya nitakuwa nimemtazama tena kwa uso ule ule. Nishaurini ndugu zangu, atakaponigeukia nimjibu nini?