Nilivyokwama Nyungwe na gari la umeme siku ya gusaba ya binti wa kaka yangu

Wakuu, salamu kutoka Kigali.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa, mstaafu. Nimekuwa nikisoma humu kimya kimya kwa muda mrefu, hasa nyuzi za magari. Leo naandika ya kwangu. Mke wangu ameyasoma kabla sijayatuma, na mahali pawili alinirudisha nikarekebishe. Kwa hiyo mtakayoyaona hapa ndiyo yaliyotokea.

Sekondari nilisoma Bukoba. Wazazi wetu walikimbilia Tanzania sisi tukiwa wadogo, tukakulia huko, ndiyo sababu Kiswahili changu ni hiki. Tulirudi Rwanda tukiwa watu wazima, mimi na kaka yangu mkubwa. Mimi nikapata kazi ya ofisini Kacyiru. Yeye akaenda Rusizi, mpakani na Kongo, akafundisha shule huko, akaoa huko, akafia huko.

Kabla hajafa aliniomba jambo moja tu. Binti yake Josiane alikuwa bado mdogo, darasa la tatu. Akasema, "Siku ya gusaba yake, wewe ndiye utakayesema."

Nikamwambia nitasema.

Kwa wasiojua: gusaba ni siku ambayo upande wa mwanamume unakuja kumwomba binti kwa wazazi wake. Kila upande una msemaji. Msemaji wa nyumbani kwa binti anawatania wageni, anajifanya hawajui, anawakatalia, anawazungusha, watu wanacheka, mpaka mwisho anakubali na binti anatoka aonekane. Msemaji huyo akikosekana, hakuna kinachoanza.

Siku hizi wengi wanakodi wasemaji wa kazi hiyo. Mama yake Josiane alitaka kukodi. Mimi nikakataa. Nilisema kaka yangu hakuniachia kazi ya kukodisha.

Sasa nije kwenye gari.

Nilikuwa na gari la petroli lililochoka. Kilichonivuta kwenye umeme ni kodi. Serikali ilikuwa imeondoa kodi nyingi kwenye magari ya umeme yanayoingia nchini, na nilipolinganisha mawili ya umri mmoja, la umeme lilikuwa ndani ya uwezo wa mstaafu. La petroli halikuwa.

Aliyeniuzia alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole sana. Nilipomaliza kusaini akavuta kiti.

"Mzee, keti dakika kumi nikuelekeze. Hili lina tabia zake."

"Mama, nimeshika usukani miaka arobaini."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba uketi."

Sikuketi. Nilichukua funguo nikaondoka.

Maisha ya mjini yalikuwa mazuri, sitawadanganya. Nilikuwa nachaji nyumbani usiku kwenye soketi ya ukutani, umeme huu wa kulipia kabla tunaouita cash power. Asubuhi limejaa. Naenda kanisani, naenda Kimihurura kumwona daktari wangu, nazungukia Gisimenti kununua samaki wa mke wangu, narudi betri bado iko zaidi ya nusu. Jirani yangu alinitania kwamba naendesha pasi. Nilicheka, lakini moyoni nilijiona mtu aliyewatangulia wenzake.

Nikaanza kujigamba. Kila nikipiga simu Rusizi lazima nilitaje. Niliwaambia waache nafasi mbele ya hema, nitaegesha pale wageni walione.

Wiki ya gusaba ikafika. Mke wangu akasema, "Tupande basi Ijumaa, tulale kule."

"Nina gari."

"Najua una gari. Nauliza kama tutafika."

Nilimwonyesha dashibodi. Betri ikijaa ilionyesha kilomita mia tatu. Rusizi haifiki kilomita mia tatu. Hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Sikujiuliza zile mia tatu zimepimwa kwenye barabara gani.

Tulitoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Shughuli ilikuwa saa nane mchana. Nilikuwa nimevaa suti, na karatasi ya maneno yangu ilikuwa mfukoni ingawa nilishayashika yote kichwani.

Njia ya kusini mnaijua, ni kupanda na kushuka. Kila mteremko nilifanya nilichofanya maisha yangu yote: natoa gia, naiweka kwenye N, yaani gia huru, naliacha gari liteleze lenyewe. Enzi za petroli kila dereva mzee wa nchi hii alifanya hivyo kuokoa mafuta. Nilimwambia mke wangu, "Ona, hapa halili kitu."

Kufika Huye, asilimia arobaini na moja. Hapo nilistuka kidogo. Kulikuwa na mahali pa kuchaji, lakini magari mawili yalikuwa mbele yangu, na mwenye la kwanza alikuwa amekwenda kunywa chai.

Mke wangu akasema tusubiri. Nikasema tutachelewa.

Wakuu, muda ulikuwepo. Sikutaka tu kukaa pale kwenye foleni na suti yangu, wapita njia wakiniuliza mbona mzee umekwama. Nikaondoka.

Kutoka Huye kwenda Nyamagabe mpaka Kitabi ni kupanda. Mvua ikaanza, baridi ikaingia, nikawasha hita kwa ajili ya miguu ya mke wangu. Asilimia zilikuwa zinashuka huku naziangalia. Tulipofika Kitabi, kwenye mashamba ya chai ambako msitu wa Nyungwe unaanza, zilikuwa zimebaki kumi na moja.

Simu ikalia. Mama yake Josiane.

"Shemeji, mmefika wapi?"

Nikasema tuko katikati ya msitu, bado kidogo tutoke upande wao.

Mke wangu aligeuka akanitazama.

Nikaingia msituni. Niliamini kilele kiko karibu na baada ya hapo tutateleza tu. Hatukukifikia. Dashibodi ikaonyesha alama ya kobe, gari likapoteza nguvu, nikaliegesha pembeni ya barabara. Miti kushoto, miti kulia, ukungu, na nyani wawili juu ya ukingo wa barabara.

Ilikuwa saa tano na nusu. Kumbukeni, shughuli ni saa nane.

Nikazima kila kitu. Nilidhani betri ikipumzika itapata nguvu kidogo, kama simu ya zamani. Nilikaa pale nikisubiri ipumzike.

Baada ya kama nusu saa basi la Rusizi likatokea nyuma yetu. Dereva akapunguza mwendo, akashusha kioo.

"Mzee, kuna tatizo?"

"Hapana, tunapumzika."

"Mnapumzika hapa?" Akaliangalia gari, akaniangalia mimi. "Mnakwenda Rusizi? Nina viti viwili nyuma."

Wakuu, hapa ndipo mahali pa kwanza mke wangu aliponirudisha. Nilikuwa nimeandika kwamba basi lilikuwa limejaa.

Halikujaa. Viti viwili vilikuwepo. Mke wangu alikuwa ameshafungua mlango, mguu mmoja uko nje. Na mimi nikamwambia yule dereva, "Asante, tutakuja nyuma yenu."

Niliona picha ya watu wakiniona nashuka kwenye basi, baada ya maneno yote yale. Picha hiyo ilinishinda.

"Nenda wewe," nilimwambia mke wangu.

"Niende nikaseme nini? Mimi ndiye msemaji?" Akafunga mlango.

Basi likaondoka.

Mtandao pale unakuja na kutoka. Kila ulipokuja, simu ililia. Saa saba nikasema tunatoka msituni. Saa nane nikasema dakika ishirini, na kila walipopiga tena nikarudia hizohizo. Saa tisa nikasema tumepata pancha, tunabadilisha tairi. Baada ya hapo nikaacha kupokea.

Mwisho wake tulipata pikapu iliyobeba kabichi. Gari tuliliacha pale mpaka lilipovutwa siku ya pili. Tulifika saa kumi na moja na nusu jioni. Vijana walikuwa wanapanga viti vya plastiki kimoja juu ya kingine.

Walikuwa wamengoja mpaka saa tisa na nusu kwa sababu mimi nilisema niko karibu. Wageni, upande wa mwanamume, walikaa kwenye hema muda wote huo bila mtu wa kuwajibu. Mwisho akasimama mjomba wake Josiane, ndugu wa mama, mtu mkimya ambaye hajawahi kushika maikrofoni. Alisema maneno matatu akakubali. Hakuna aliyecheka. Wazee wa kule walinong'ona kwamba huyu binti upande wa baba hana watu.

Josiane alikuwa bado amevaa mshanana wake, vazi letu la sherehe. Sisi ndugu wa baba tunaitwa data wacu. Akanishika mikono miwili.

"Data wacu, mmefika salama. Hilo ndilo kubwa."

Nikamwambia, "Gari limeniangusha."

Wote wakaamini. Shemeji mmoja akasema ningekuja na redio ya betri ningefika. Ndugu mwingine aliyekuwa anajiandaa kununua gari la umeme akaahirisha palepale. Miezi ikapita, kila aliyeuliza nilimjibu neno lilelile. Gari.

Gari lilipovutwa mpaka Kigali nilimpelekea fundi wa magari ya umeme pale Remera. Akalipima, betri nzima. Akaniomba niendeshe yeye akiwa pembeni. Tulipoanza kushuka kutoka Kacyiru kwenda Kinamba nikaweka N kama kawaida.

"Mzee, umefanya nini?"

"Naokoa."

Tulipofika chini akanieleza polepole kwamba gari la umeme likishuka likiwa kwenye gia, injini yake inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Nikiweka N, hairudishi chochote. Kila mteremko kutoka Kigali mpaka Huye nilikuwa nautupa. Nilikuwa nimefanya hivyo tangu siku ya kwanza, ila mjini sikuona kwa sababu kila usiku nilichaji.

Hilo lilikuwa somo la dakika kumi ambalo nililikataa.

Lakini hata hilo, wakuu, ni dogo. Mtu anaweza kukwama bila kosa lolote. Ningesema saa tano na nusu kwamba nimekwama, wangeleta gari kunichukua na ningefika. Ningepanda basi, ningefika. Hata nilipokuwa nasema dakika ishirini, ningesema ukweli mjomba angesimama mapema na wageni wasingekaa vile.

Mahali pa pili mke wangu aliponirudisha ni hapa. Nilikuwa nimeishia hapo juu. Akaniuliza, "Na Josiane umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia.

Jumapili iliyopita Josiane alikuja na mumewe, siku hizi wanaishi Kigali. Baada ya chakula nilimweleza yote, basi, viti viwili, pancha ya uongo. Mumewe alitazama chini. Josiane hakulia wala hakunikemea. Alikuwa akikunja kona ya kitambaa cha meza.

Kisha akasema, "Nilikuwa chumbani nimevaa tayari. Kila walipokuja kusema bado dakika ishirini, nilisimama. Nilisimama mara nne."

Niliomba msamaha, na bado naona maneno yale hayakutosha.

Walipokuwa wanaondoka alinigeukia mlangoni.

"Mwezi ujao nataka kwenda kumwona mama. Utanipeleka?"

"Kwa basi?"

"Kwa gari lako. Ila tukikwama, data wacu, uniambie tumekwama."

Nimekubali. Nimeshamwona fundi, nimepanga tutachaji Huye hata kama kuna magari matano mbele, na sigusi N.

Kwa mnaofikiria kununua: gari la umeme ni zuri, na nafuu ya kodi ni ya kweli. Keti ufundishwe, hata kama umeendesha miaka arobaini. Na ukikwama, sema umekwama saa ileile.

Aliyewahi kuvuka Nyungwe na umeme aniambie alichaji wapi na alifika na asilimia ngapi. Mwenye swali aulize. Nisichokijua nitasema sikijui.