Uyoga wa Kambo

Niliandika hadithi ambamo kambo, mama mzaa mama yangu, anachuma uyoga katikati ya kiangazi. Ndivyo anavyokosea mtu kama mimi, ambaye safari yake ndefu zaidi siku hizi ni kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Sikuona kosa hilo mpaka mama jirani, niliyekua naye uani kwa kambo, aliponiletea sahani ya uyoga uliopikwa kwa karanga, mvua ya kwanza ikidondoka bado kwenye mabati.

Mvuke wa sahani ile ulinirudisha kwenye kichuguu cha nyuma ya nyumba, kirefu kuliko paa letu. Kambo amepiga magoti kwenye udongo mwekundu, mkono wote umezama ardhini, anaung'oa uyoga mpana kama sinia pamoja na mzizi wake. Nikapiga kelele za furaha.

"Funga kinywa, kichwa ya mbuzi!" akafoka, kana kwamba mtaa mzima ungekuja kuugombania uyoga ule. "Unaita kartie yote bakuye kukula bowa yetu?"

Kisha akanivika uyoga ule kama mwavuli. Nikatembea shingo wima hadi nyumbani, maji baridi yakinitiririka mgongoni.

Kichuguu sasa kiko ndani ya ukuta wa mgodi, kama bado kipo.

Nilimsomea jirani hadithi yangu, ambamo kambo ananiita "mjukuu wangu mpendwa". Nilitaka kambo aishi tena, walau kwenye karatasi. Jirani alisikiliza hadi mwisho, akachukua sahani yake.

"Tata," akaniita kwa heshima, "bowa haiote mu kiangazi, ile nakusamehe. Lakini kambo alikuwa anatutukana na bowa mu kinywa. Huyu wa mu karatasi, mi simujue."